Mishororo Minne ya Mwisho: Kuhusu Filamu ya American Graffiti

Jina la filamu aliyoiongoza George Lucas na kutolewa mwaka 1973, American Graffiti, ni mtihani kwa mfasiri yeyote. Neno lake la pili asili yake ni Kitaliano, na ndani yake mna kitendo cha kukwaruza: jina, alama au picha iliyochimbwa ukutani kwa ncha ya kitu, na mtu ambaye aghalabu hakuna aliyemwomba aichimbe. Husimuliwa kwamba wakubwa wa studio ya Universal hawakulipenda jina hilo, na wapo waliohofu kuwa watazamaji wangeidhania filamu ya Kitaliano. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani katika filamu yenyewe kuta hazina kazi kubwa. Kinachochorwa ni mji mdogo, na kinachouchora ni magari yanayozunguka usiku kucha katika barabara zile zile, yakiacha mikwaruzo ambayo asubuhi haionekani.

Msomaji wa pwani anayo njia yake ya kuliingia jina hili. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, juu ya lipu ya kuta za kale, ipo michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwa mkono, mingine ikiwa na milingoti, matanga na kamba. Wanaakiolojia waliichunguza na kuinakili tangu miaka ya 1960. Waliochora hawakuacha majina. Mimi hupenda kudhani kwamba walikuwa vijana, maana mtu mzima mwenye chombo chake hana haja ya kukichora. Anayekichora ni yule anayekitamani, au aliyekiona kikitweka naye akabaki ufukweni. Hapo Kiswahili kinatufaa kuliko lugha nyingi, kwani neno chombo tunalitumia kwa jahazi na kwa gari, na askari wa usalama barabarani anapotaja vyombo vya moto anatamka sitiari bila ya kukusudia. Lau ningetakiwa kuipa filamu hii jina la Kiswahili ningeiita Michoro ya Vyombo, na huo Umarekani wake ningeuacha ujidhihirishe wenyewe.

Kisa chake ni cha usiku mmoja. Ni mwisho wa majira ya joto ya mwaka 1962 katika mji wa Modesto, jimbo la California, ijapokuwa picha zenyewe zilipigwa zaidi Petaluma na San Rafael katika mwaka 1972. Curt Henderson na Steve Bolander wamemaliza shule na asubuhi wanatarajiwa kupanda ndege kwenda chuoni, mbali na kwao. Terry Fields, ambaye wenzake humwita Chura, hana gari. Ana pikipiki aina ya Vespa isiyomtii, mpaka Steve anapomkabidhi Chevrolet Impala yake nyeupe ya mwaka 1958 aitunze. Wa nne ni John Milner, amewazidi umri kwa miaka kadhaa, bingwa wa mbio za usiku ambaye hajapata kushindwa, na gari lake ni Ford ya manjano ya mwaka 1932 aliyoiunda upya kwa mikono yake. Jua linatua wakiwa wamekutana kwenye mkahawa unaowahudumia watu wakiwa ndani ya magari yao. Linapochomoza, yule aliyekuwa na hakika ya kuondoka amebaki, na yule aliyesitasita ameondoka. Kati ya machweo na macheo hakuna vita wala ufalme unaoanguka. Gari linaibwa na kupatikana, chupa ya pombe inanunuliwa kwa hila, wapenzi wanagombana na kupatana, na Curt anamtafuta msichana wa gari jeupe aliyemwona kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Iligharimu chini ya dola 800,000, ikaingiza zaidi ya dola milioni 100, na ikapendekezwa kwa tuzo 5 za Oscar bila ya kupata hata moja. Hayo tuwaachie wahasibu.

Linalotuhusu sisi wapenda utungo ni jinsi ilivyojengwa juu ya wimbo. Nyimbo zaidi ya 40 zimo ndani yake, karibu zote za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, nazo hazikuwekwa kama pambo. Magari yote yamefungulia kituo kimoja cha redio, kwa hiyo wimbo unaoanza katika gari la Milner unaendelea katika gari la Steve na kumalizikia mkahawani. Walter Murch, aliyeisimamia sauti, alizipiga nyimbo hizo katika nafasi za wazi kisha akazirekodi upya, ndiyo maana zinasikika kama zinazopita na upepo, mara karibu, mara nyuma ya nyumba. Mtangazaji wa kituo hicho ni Wolfman Jack, mtu wa kweli aliyejijengea jina kwa kutangaza kutoka vituo vyenye nguvu vya upande wa Mexico, na humu anajiigiza mwenyewe. Vijana wanamsikia usiku kucha; hakuna anayeijua sura yake. Curt anapofika kituoni alfajiri anamkuta mtu mwenye ndevu akila barafu tamu za vijiti kwa sababu jokofu limeharibika, naye anamwambia kwamba Wolfman hayupo, zipo kanda zake tu. Curt anaaga, na akiwa anatoka anageuka na kumwona mtu yule yule akiunguruma mbele ya kipaza sauti. Katika filamu nzima sikuona tukio lililoandikwa kwa mkono mwepesi kuliko hilo.

Nasi tulikuwa na sauti za namna hiyo. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na miji ya njia kuu, filamu ya kigeni ilikuwa haifiki kwa mtazamaji ila kupitia kwa mtu mwenye kipaza sauti, aliyepunguza sauti ya wazungu au Wahindi na kusimulia kwa Kiswahili. Marehemu Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ndiye aliyeipatia kazi hiyo jina, na wako waliochagua kibanda kwa ajili ya mfasiri wala si kwa ajili ya filamu. Alitia methali, alitia mizaha, aliwapa wahusika majina ya mitaani. Waandishi wa kalamu waliidharau kazi hiyo. Sioni kwa nini. Mtu aliyeweza kukifanya chumba cha mabati chenye watu 60 kinyamaze kwa saa mbili alijua jambo fulani juu ya lugha ambalo baadhi yetu, na vitabu vyetu, hatujalifikia.

Nirudi kwenye filamu, maana liko tukio ambalo bila ya hilo ningeiweka pamoja na filamu nyingi tamu na kuisahau. Milner amebebeshwa, kwa mzaha wa wasichana wa gari jingine, mtoto wa kike aitwaye Carol, ambaye hajafikisha hata umri wa kuitwa kijana. Usiku kucha anataka kumtua. Katikati ya ghasia hiyo wanasimama kwenye uwanja wa magari mabovu, nao wanatembea kati ya vyuma vilivyokunjamana. Milner anamwonyesha: hili lilikuwa la fulani, alikufa hivi, hili waligongana uso kwa uso. Anayasema kwa sauti ya mtu anayeyajua makaburi ya ukoo wake. Hakuna muziki mkubwa, hakuna machozi, na hakuna onyo. Mtoto anasikiliza. Kisha wanaingia tena garini na filamu inarudi katika kicheko.

Anayemjua Lucas anajua mahali tukio hilo lilipotoka. Tarehe 12 Juni 1962, siku chache kabla ya kumaliza shule huko huko Modesto, kijana huyo wa miaka 18 aligongwa na gari jingine akiwa katika Fiat yake ndogo. Mkanda wa kiti ulikatika, akarushwa nje, na gari likaenda kujibamiza kwenye mti. Kukatika kwa mkanda ndiko kulikomwokoa. Basi mwaka ambao filamu inauimba kama mwaka wa raha ni mwaka ambao mtunzi wake alikaribia kuwa chuma kimoja katika uwanja ule. Wapo wahakiki wanaosema kwamba filamu za kukumbuka ujana ni uongo uliopakwa asali, na mara nyingi husema kweli. Hapa naona vingine. Asali imo, lakini aliyeirina alitoka na nundu za nyuki usoni.

Mbio zenyewe, zinazongojewa tangu mwanzo, zinafanyika alfajiri katika barabara ya nje ya mji. Mpinzani wa Milner ni Bob Falfa, mgeni mwenye kofia pana na Chevrolet nyeusi ya mwaka 1955, aliyeigizwa na Harrison Ford kabla dunia haijamjua. Gari la Falfa linapinduka na kuwaka moto. Yeye na Laurie, mpenzi wa Steve, wanatoka wazima. Terry anamkimbilia Milner na kumsifu kuwa bingwa wa milele. Milner anamwambia ukweli: alikuwa anashindwa, yule alikwisha kumpita kwa kasi. Terry anakataa kusikia, na Milner, akimwangalia, anakubali kuendelea kuwa bingwa, kwa sababu mwenzake anamhitaji awe. Ushairi wetu una hazina kubwa ya majigambo, na mabingwa wengi wa kujinaki. Sikumbuki ubeti ambamo bingwa anapewa sifa aliyokwisha kujua kwamba si yake tena, akaipokea kwa ajili ya mtoaji.

Halafu ndege inaruka na Curt ndani yake. Chini, kupitia dirishani, anaona gari jeupe likienda barabarani. Anga inabaki tupu, na juu ya anga hiyo zinatokea picha nne ndogo za wavulana, kila moja na maelezo mafupi. John Milner aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964. Terry Fields aliripotiwa kupotea vitani karibu na An Loc, Vietnam, Desemba 1965. Steve Bolander ni wakala wa bima Modesto. Curt Henderson ni mwandishi, anaishi Canada. Basi.

Msomaji wa tarbia hahitaji kuelekezwa. Hiyo ni mishororo minne. Miwili ya kwanza ni mauti na upotevu, wa tatu ni maisha ya kawaida, na wa nne, mahali pa kituo, ni mtu aliye mbali anayeandika. Na Mmarekani wa mwaka 1973 aliposoma neno Canada alijua mara moja habari za vijana waliovuka mpaka kukwepa vita. Saa nzima na dakika 50 za mbwembwe zimefungwa kwa ubeti mmoja usio na sifa hata moja. Hausemi kwamba Milner alikuwa hodari, wala kwamba kifo chake kilikuwa cha mapema. Unataja mwezi, mwaka na mlevi. Mtunzi angeweza kutuonyesha ajali. Angeweza kumleta mama analia. Aliamini kwamba tukimpenda mtu kwa usiku mmoja, mstari mmoja utatosha kutuumiza.

Nimeitazama filamu hii Bungu pamoja na vijana wa kijiwe cha bodaboda, katika kibanda kinachoonyesha mpira siku za mechi, nikiwafasiria kwa mdomo. Wasomaji wa visiwani ambao hawajafika watajua Bungu kwa harufu ya korosho zinazokaangwa: iko katika barabara kuu ya Kilwa, wilaya ya Kibiti, kusini ya Mkuranga, kabla hujafika mji wa Kibiti wenyewe na kabla ya kuteremkia Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji. Upande wa mashariki ni delta, na huko chombo bado ni mtumbwi na mashua katikati ya mikoko. Barabarani chombo ni pikipiki. Zilianza kujaa mwishoni mwa muongo wa 2000, zile za Kichina na za Kihindi zenye bei ambayo mkulima wa korosho akijibana anaifikia, na katika miaka michache kila njia panda ilikuwa na kijiwe chake.

Walicheka mahali ambapo sikutarajia. Steve alipompa Chura funguo za Impala, mmoja wao aliuliza, "Mzee wangu, hesabu shilingi ngapi kwa siku?" Hesabu, kwa asiyejua, ni fedha anazopeleka dereva kwa mwenye chombo kila jioni, apate abiria asipate. Swali lile lilifichua tofauti iliyopo kuliko makala yoyote. Vijana wa Modesto wanazunguka bila ya deni. Mafuta yanaingia garini kana kwamba yanatoka kisimani. Kijana wa Bungu chombo chake ni mwajiri kwanza, na starehe baadaye, zile dakika chache baada ya hesabu kutimia, anapopiga misele hadi mwisho wa lami na kurudi bila ya abiria, bila ya sababu. Lakini misele hiyo waliitambua mara moja. Walimtambua Milner. Walijua mtu wa namna yake, mwenye miaka zaidi ya 20, bado yupo kijiweni, anayejua kuusikiliza mtambo na kutaja ugonjwa wake kabla hajafungua hata skrubu moja.

Mishororo minne ilipotokea nikaifasiri, hawakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza yule yule wa hesabu: "Na yule mlevi, alikamatwa?"

Filamu haisemi, na sikuwa na jibu la kumpa. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama upya tungo tunazowaandikia vijana hawa, katika kurasa za mashairi na katika vipindi vya redio. Ni tungo za nasaha, karibu zote. Vaa kofia ngumu. Punguza mwendo. Usibebe watatu. Waache wanafunzi wa kike. Mwisho wa yote ni wodi ya mifupa au kaburi, na mtunzi ameketi pembeni akisema alisema. Hakuna katika nasaha hizo iliyo ya uongo, wala mimi simkatazi mtu kunasihi. Nasaha ni nguzo ya ushairi wetu. Lakini kumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa katika maradhi. Anasema na mtu mmoja, anampenda, naye mwenyewe yuko safarini. Nasaha zetu kwa bodaboda hazisemi na mtu. Zinasema na tatizo. Ni tungo zisizotaka kujua kijana huyo anaitwaje kijiweni, wala ameandika nini kwenye kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu lake, na hapo nyuma ya gurudumu, nawaapia, pana mishororo ambayo wahariri wetu wangeweza kuionea wivu. Lucas aliandika juu ya vijana wanaofukuzana kwa magari usiku, na mmoja wao akafa barabarani, lakini hakumkaripia hata mara moja. Amemlilia vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

Tena Bungu ina sababu ya ziada ya kuitazama filamu ya usiku mmoja. Kati ya mwaka 2015 na 2017 katika Mkuranga, Kibiti na Rufiji viliendelea vitendo vya kuuawa kwa watu, wakiwamo viongozi wa vijiji na askari, na aghalabu wauaji walitajwa kufika kwa pikipiki. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa barabarani wakiwa garini huko Mkengeni, katika wilaya hii hii ya Kibiti. Mwezi uliofuata polisi walipiga marufuku bodaboda kufanya kazi usiku katika wilaya hizo tatu. Ilipofika saa 12 jioni chombo kilitakiwa kiwe ndani. Sina ugomvi na sababu za amri hiyo, nyakati zilikuwa za hofu na hofu ilikuwa ya kweli. Nasema tu kilichotokea kwa usiku. Saa 12 jioni, wasomaji wangu, ndiyo saa ambayo filamu ya Lucas inaanza. Kila kitu kinachosimuliwa humo, ugomvi na suluhu, msichana wa gari jeupe, sauti ya redioni, kinahitaji saa zile zinazofuata machweo. Vijana waliokuwa na miaka 17 au 18 Bungu katika mwaka 2017 walipewa ujana wenye mchana peke yake. Barabara ya Kilwa ilikuwa nyeusi na kimya, na aliyesikia mlio wa pikipiki usiku alizima taa.

Na mshororo wa pili, ule wa Terry, hapa hauhitaji ufafanuzi. Zipo familia katika wilaya hizi zilizosema kwamba ndugu zao walichukuliwa wasirudi. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiripoti habari za mauaji hayo kutoka Kibiti, alitoweka Novemba 2017 na hadi leo hajulikani alipo. Nilipokuwa nikiandika tafsiri ya maneno ya mwisho ya filamu niweze kuyasoma mbele ya watu, mshororo huo ulinichukua siku mbili. Alipotea ni neno la mtoto sokoni. Hakuonekana tena limeshatoa hukumu ambayo matini ya asili haikuitoa. Niliishia na ameripotiwa kuwa hajulikani alipo, nzito, ya kiofisi, isiyo na mizani hata kidogo. Na niliposoma kwa sauti pale kibandani palikuwa na mzee mmoja mlangoni aliyekuja kumwita mjukuu wake, akasimama hadi mwisho.

Upungufu wa filamu hii ni mkubwa, nao sitaufunika kwa kuwa nimeipenda. Mishororo ni minne na yote ni ya wavulana. Laurie, aliyenusurika katika gari lililopinduka, hana mshororo. Debbie, aliyeigizwa na Candy Clark kwa uhai unaowashinda wote na kupendekezwa kwa tuzo, hana. Carol hana, naye ndiye pekee aliyetembezwa makaburini na kuambiwa siri. Mhakiki Pauline Kael aliliona hilo katika mwaka ule ule wa 1973 na akalisema waziwazi. Mwaka 1979 ilitoka filamu ya kuendeleza kisa, More American Graffiti, ambayo Lucas hakuiongoza, na humo wanawake wanapata nafasi zaidi; lakini ni filamu dhaifu, imekuja kujaza kwa maneno mahali palipokuwa na ukimya, na ubeti uliokwisha kufungwa haufunguliwi.

La pili ni hili. Chuck Berry anaimba humu, Fats Domino anaimba, The Platters wanaimba, na usiku mzima wa vijana hawa unaendeshwa na koo za watu weusi. Lakini mkahawani na barabarani watu weusi karibu hawaonekani. Wanasikika tu. Mtetezi atasema ndivyo mji mdogo wa California ulivyokuwa mwaka 1962, na huenda ni kweli. Hata hivyo mtunzi aliyejua kumfanya Wolfman Jack, sauti isiyo na sura, kuwa kiini cha filamu yake, angeweza kujiuliza juu ya zile sauti nyingine zisizo na sura. Tangazo la filamu liliwauliza Wamarekani walikuwa wapi mwaka 62. Mtazamaji wa Bungu analo jibu lake la kiada, kwamba tarehe 9 Desemba mwaka huo Tanganyika ilikuwa Jamhuri. Lakini jibu lenye nyama, la nani alikuwa na umri wa miaka 18 katika bonde la Rufiji, alivuka mto kwa chombo gani, alicheza ngoma ya nani hadi alfajiri, hilo liko vichwani mwa wazee ambao kila mwaka tunawazika kadhaa. Na la mwaka 2017 liko kwa vijana ambao sasa wanakaribia umri wa miaka 30, wana watoto, na hawapendi kulizungumza.

Neno la mwisho ni la muziki. Baada ya mishororo minne, majina ya walioitengeneza filamu yanapopanda, unasikika wimbo wa The Beach Boys, All Summer Long. Wimbo huo ulitoka mwaka 1964, kwa hiyo haungeweza kuwako katika usiku wa 1962; umekuja kutoka mbele. Wengi wameuhesabu kuwa ni kosa. Lakini 1964 ndio mwaka ambao tumetoka kusomewa kuwa Milner aliuawa. Ni wimbo wa majira yake ya joto ya mwisho. Na mwenye kukumbuka atakumbuka kwamba mapema usiku ule, Carol akiwa pembeni yake, redio ilipiga wimbo wa kundi hilo hilo. Carol akafurahi, akasema anawapenda. Milner hakuwapenda, kwake muziki ulikwisha siku alipokufa Buddy Holly, mwaka 1959. Akanyoosha mkono akaizima redio. Safari hii wimbo unapigwa hadi mwisho.